Unaanza ukocha wa mazoezi Mbeya? Anza na afya ya mteja

Vijana mnaotaka kuwa makocha wa mazoezi hapa Mbeya, msikimbilie kukopa hela za kununua vyuma. Mteja wa kwanza anahitaji uwanja, mkeka na kocha anayemjali. Kabla hajaruka hata mara moja, kaa naye umuulize: ana presha? Sukari? Goti au mgongo umewahi kumsumbua? Anatumia dawa gani? Andika yote kwenye daftari. Akisema kifua humbana akipanda mlima, aanzie hospitali kwanza, hata kama ameshalipa.

Mji wetu uko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Aliyetoka Dar juzi atahema mapema, usimpe kasi ya wenyeji. Kipimo rahisi ni kumzungumzisha akiwa anatembea haraka: akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, hiyo ni kasi ya wastani. Maneno yakianza kukatika, punguza.

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ile mnaijua, mpashe mwili moto dakika 10 hadi 15 kabla ya kuchuchumaa. Na tafuteni mapema mafunzo ya huduma ya kwanza, hasa kumkandamiza kifua mtu aliyeanguka na hapumui.