Namna ya kushughulikia soketi za umeme zilizoshika kutu kwenye pikipiki

Pikipiki inayofanya kazi katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa hukaa katika hewa ya chumvi usiku na mchana, na mojawapo ya sehemu zinazoumia mapema ni ile isiyoonekana, yaani pini ndogo zilizomo ndani ya soketi za plastiki chini ya tangi na nyuma ya taa kubwa. Dalili zake huwapotosha wengi. Indiketa huwaka kwa kusuasua, honi hutoa sauti dhaifu, stata hugoma asubuhi na kukubali mchana, na mwenye pikipiki huishia kuambiwa anunue betri mpya. Ninashauri kwamba kabla ya kununua betri, regyuleta (kidhibiti cha umeme unaochaji betri) au koili (inayozalisha umeme wa cheche za plagi), soketi zikaguliwe kwanza, kwa kuwa kazi hiyo hudai subira kuliko fedha.

Maji yenye chumvi yakiingia ndani ya soketi, shaba huanza kuliwa na kugeuka unga wa kijani ambao haupitishi umeme vizuri. Upinzani unaotokea waweza kuonekana mdogo, lakini omu 0.1 tu, ikipitiwa na mkondo wa ampea 10, hupoteza volti 1 nzima na kuzalisha wati 10 za joto katika nafasi ndogo mno. Ndiyo maana soketi ya regyuleta au ya rilei ya stata, yaani swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata, hukutwa imebadilika rangi na kuwa kahawia, au plastiki yake imeyeyuka. Soketi iliyofikia hali hiyo haisafishwi; hubadilishwa pamoja na pini zake, kwani pini iliyopata joto kali hupoteza ukakamavu wake na haitabana tena.

Kutafuta soketi yenye ubovu kwa macho peke yake hakutoshi, maana pini yaweza kung'aa mbele na kuwa imeoza nyuma, pale inapoungana na waya. Tumia mita ya kupimia umeme, nayo uipange isome volti za DC, yaani umeme wa betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6 hadi 12.8, ikiwa chini sana ya hapo, ichaji kwanza ili isikuvuruge. Kisha washa kifaa unachokishuku, kwa mfano taa kubwa, na bila kuchomoa soketi gusisha ncha moja ya mita kwenye waya unaoingia na nyingine kwenye waya uleule unapotokea upande wa pili, ukipenyeza ncha hizo kwa nyuma ya soketi. Kiungio kisicho na ubovu husoma karibu na sifuri, na kinachozidi volti 0.2 kinahitaji kushughulikiwa. Kipimo hiki hakina maana iwapo kifaa kimezimwa, kwa sababu pasipo mkondo hakuna volti inayopotea. Fanya vivyo hivyo kwa eathi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia fremu na injini: ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, huku mwenzako akibonyeza stata. Eathi husahaulika mno, ilhali bolti moja yenye kutu kwenye fremu yatosha kuvuruga mfumo mzima.

Kabla ya kusafisha, zima swichi na ufungue waya hasi wa betri kwanza. Wakati wa kurudisha, huo ndio utakaofungwa mwisho. Soketi ivutwe kwa kushika plastiki yake, kamwe si kwa nyaya, na kile kikufuli chake kidogo kibonyezwe hadi kiachie. Nyunyizia dawa ya kusafishia viungio vya umeme, kisha sugua pini dume kwa brashi ndogo ya shaba nyeupe au kipande chembamba cha msasa laini, kwa uangalifu ili usimalize ule mpako wa bati unaoilinda. Kutu iliyokaza hulainika kwa siki iliyotiwa chumvi kidogo, lakini siki ikibaki ndani itaendelea kula shaba, kwa hiyo suuza kwa maji yenye magadi soda, kisha kwa maji safi, na uache pakauke kabisa. Petroli isitumike. Pini jike iliyolegea ikazwe kidogo kwa ncha ya sindano, kwa kuwa usafi bila mbano hauponyi kitu.

Tatizo gumu zaidi ni waya wenyewe. Menya kidogo ganda lake karibu na pini. Nyuzi zikiwa nyeusi, unyevu umepanda ndani, na hapo kata nyuma hadi ukutane na shaba inayong'aa, kisha unganisha kipande kipya cha unene uleule na ubane pini mpya kwa koleo lake. Desturi ya kukata soketi yote, kuzisokota nyaya na kuzizungushia tepu siiafiki hata kidogo: tepu hulegea kwa joto, hunasa maji, na fundi atakayefuata hatajua waya gani ulitoka wapi. Maungio yafunikwe kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto.

Mwisho, paka grisi ya silikoni kwenye pini na kwenye mpira wa soketi, au mafuta ya mgando kama hiyo haipatikani, kiasi cha utando mwembamba tu. Unapofunga nyaya, ziache zining'inie kidogo kabla ya kuingia kwenye soketi ili maji yadondoke chini badala ya kufuata waya hadi ndani, kisha rudia kipimo cha volti kifaa kikiwa kimewashwa. Wanaoosha kwa mashine ya presha waombwe wasielekeze maji chini ya tangi wala nyuma ya taa.