SOMO: Inhela ya buluu, namna ya kuivuta dawa ifike kifuani (watu wazima wenye pumu)

Assalaam alaykum wenzangu. Karibu kila wiki mtu ananiandikia "inhela haifanyi kazi, nimepuliza wee kifua bado kinabana", nikimwambia nionyeshe unavyovuta naona dawa yote inaishia ulimini. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja jambo lile lile kwa hiyo naliweka hapa lote, someni mpaka chini kabla ya kuuliza.

Naongelea salbutamol, ile ya kopo la kubonyeza, kila bonyezo maikrogramu 100 na kopo jipya huwa na mabonyezo 200. Kazi yake kufungua kifua kilichobana. Watoto wana mambo yao, msiwafanyie hili somo.

1. Kaa wima au simama. Usivute umelala.

2. Toa kifuniko, chungulia ndani. Ikikaa mkobani bila kifuniko huingia sarafu au pini ya ushungi, na ukivuta inakwenda mapafuni.

3. Tikisa vizuri. Kama mpya au imekaa siku nyingi bila kutumika, bonyeza hewani kwanza, karatasi ya ndani ya boksi inasema mara ngapi.

4. Toa pumzi nje polepole, pembeni, siyo ndani ya inhela.

5. Hapa ndo pa kuangalia sana, na mie mwenyewe hapa nilikwama miaka. Weka mdomo wa inhela baina ya meno, midomo ifunge kabisa, ulimi uwe chini. ANZA kuvuta pumzi kwa mdomo, polepole, halafu pumzi ikishaanza kuingia ndo ubonyeze mara MOJA, na usikate, endelea kuvuta vile vile polepole mpaka kifua kijae, kama sekunde 4 au 5. Ukibonyeza kabla ya kuvuta dawa inagonga ulimi. Ukivuta kwa nguvu kama unanusa inagonga koo, na wengi wanavuta kwa nguvu kwa sababu wana khofu, kifua kimebana mtu anataka pumzi ya haraka, nafahamu, lakini pole pole ndo inafika. Usibonyeze mara mbili kwa pumzi moja. Ukiona moshi unatoka mdomoni au puani ujue dawa hiyo imepotea.

6. Zuia pumzi, hesabu mpaka 10 au utakapoweza.

7. Ukihitaji ya pili subiri nusu dakika hadi dakika, tikisa tena, anza upya.

Kama mkono na pumzi havikubali kwenda pamoja tumia spesa, lile dumu la plastiki, bonyeza moja halafu vuta na toa pumzi kawaida humo humo mara 4 mpaka 6. Siyo ya watoto peke yao, mtu mzima akibanwa khasa spesa ndo inamfaa.

SHAMBULIO: kaa wima, legeza nguo, bonyezo moja kila nusu dakika hadi dakika, mpaka 10. Hakuna nafuu, spitali. Na usisubiri zifike 10 kama huwezi kumaliza sentensi moja, midomo imebadilika rangi, au mtu ameanza kusinzia, hapo mtafute gari huku unaendelea kuvuta njiani, spitali ya Mnazi Mmoja kwa Unguja, Abdalla Mzee kwa Pemba, popote palipo karibu yako.

Na hili mlishike. Buluu inalegeza misuli ya njia za hewa, ule uvimbe wa ndani haiugusi. Ndo maana tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya GINA haishauri tena mtu mzima mwenye pumu atumie salbutamol peke yake, awe na dawa ya kuvuta yenye steroid, hiyo ndo inayotuliza ule uvimbe. Ukiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, au unaamka usiku kwa kubanwa, pumu yako haijatulia, nenda kwa daktari.

MASUALI

Mpiga_makasia: Sijasoma yote, nivute mara ngapi?

Mwandishi: Soma.

Daladala_510: Mie namaliza kopo mbili kwa mwezi na nipo poa tu. Hizo steroid watu wanasema zinaua.

Mwandishi: Kaka, hupo poa. GINA wanasema kopo 3 kwa mwaka tayari hatari ya shambulio kubwa inapanda, na kopo 12 au zaidi hatari ya kufa inapanda. Wewe unakwenda 24. Steroid ya kuvuta ni kidogo sana na inabaki mapafuni zaidi, ukimaliza sukutua na uteme maji usipate utando mweupe mdomoni. Nenda wiki hii tafadhali, na uchukue inhela yako ukamwonyeshe daktari unavyovuta.

Daladala_510: Sawa, sikujua. Ntakwenda.

Karafuu_Wete: Ahsante kwa somo dada. Huku Pemba spesa siioni dukani, na msimu wa karafuu vumbi la majamvini linanimaliza. Nifanyeje?

Mwandishi: Suali zuri sana hili. Chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu. Kunja waya ulingane na mdomo wa inhela yako, upashe moto, toboa kitako cha chupa, uchomeke inhela iingie kwa kubana, pembeni uzibe kwa teipu pasipite hewa. Mdomo wa chupa ndo unaoweka kinywani. Madaktari wa Afrika Kusini waliipima kwa watoto wenye pumu wakachapisha 1999, ikafanya kazi sawa na spesa ya kununua. Ioshe kwa maji ya sabuni na iache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa, plastiki ikisuguliwa inanasa dawa. Na majamvini funika pua na mdomo, kuchambua waachie wengine kama inawezekana.

Bi_Jang'ombe: Mwanangu, Ramadhani je?

Mwandishi: Bibi shikamoo. Wanavyuoni wamekhitalifiana, wapo wanaosema haifunguzi kwa kuwa si chakula wala kinywaji, na wapo wanaosema inafunguza, muulize sheikh wako kabla mwezi haujaandama. Lakini kifua kikibana vuta hapo hapo, usingoje magharibi, mgonjwa kapewa ruhusa Al-Baqara aya 184 na 185. Ile ya steroid ya asubuhi na jioni muombe daktari akupangie wakati wa futari na daku.

Bi_Jang'ombe: Marahaba. Allah akulipe. Na udi?

Mwandishi: Chetezo kikae ukumbini na wewe uwe nje mpaka moshi uishe bibi, ubani vile vile.

Nungwi_boy: Nikiitia kopo majini likaelea si ndo limekwisha?

Mwandishi: Hapana, kipimo hicho hakiaminiki, na maji yanaweza kuziba pale pa kutokea dawa. Gesi hubaki hata dawa ikiisha kwa hiyo kupuliza si dalili. Kama haina namba za kuhesabu andika tarehe uliyoifungua na uhesabu mwenyewe.

Msafiri_Mkoani: Nyongeza, mie dikilofenaki ya mgongo ilinibana kifua vibaya.

Mwandishi: Kweli, aspirini na jamaa zake huwabana baadhi yetu, na propranolol ya presha pia, mwambieni mwenye duka la dawa kwamba mna pumu kabla hajawapa kitu. Na kwa kuwa wewe unavuka sana, inhela iwe mkononi, siyo kwenye begi linalokwenda chini na mizigo.

Nungwi_boy: Na nikiiacha kwenye dashibodi ya gari?

Mwandishi: Usiiache, kopo lina presha, lisizidi nyuzi 30. Mfukoni.