Kuchagua filimbi na pikolo, na kutoa sauti ya kwanza iliyo safi

Adui mkubwa wa anayeanza kupiga filimbi ya kushikwa kando (flute) ni chombo kinachovuja hewa. Noti za chini zinagoma, mwanafunzi anapuliza kwa nguvu zaidi, midomo inakaza, na baada ya wiki chache anajiona hana kipaji, kumbe ni pedi moja tu, kile kitu laini chini ya kibonyezo kinachoziba tundu, haikai sawa. Kabla ya kuulizia fedha, dhahabu au jina la mtengenezaji, hakikisha chombo kinaziba.

Kwa filimbi iliyotumika, chukua karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, ukate ukanda wa upana wa milimita 5. Uweke chini ya pedi, funga kibonyezo kwa uzito mdogo wa kidole, kisha uvute taratibu. Rudia mbele, nyuma na pande zote mbili za pedi hiyo hiyo. Ukanda ukibanwa upande mmoja na kuteleza upande mwingine, hewa inapita hapo. Angalia pia utando wa pedi: ukichanika, pedi hiyo ni ya kubadilishwa, na kubadilisha pedi zote kwa fundi kunaweza kukaribia bei ya filimbi nzima ya mwanafunzi.

Kagua na kizibo kilichofichwa ndani ya ncha ya kichwa, yaani kipande chenye tundu la kupulizia. Fimbo ya kusafishia ina mstari kama milimita 17 kutoka mwisho wake; ukiiingiza hadi iguse kizibo, mstari uonekane katikati kabisa ya tundu la mdomo. Wengi huikaza kofia ya ncha kwa mchezo tu, kizibo kinavutwa, na oktavi (noti ileile ikipigwa juu au chini) zinaanza kupishana.

Kuhusu aina, vibonyezo vilivyofunikwa vinatosha. Vyenye matundu ya wazi vinadai kidole kikae katikati barabara, ingawa matundu hayo yanaweza kuzibwa kwa vizibo vidogo kwa muda. Kibonyezo cha noti ya G kilichosogezwa nje kidogo kinafaa mikono midogo. Mguu, yaani kipande cha mwisho, unaoishia noti ya C unatosha. Ule wa B unaongeza urefu na uzito. Mwili wa aloi uliopakwa fedha hauna ubaya. Ukiwa na pesa za ziada, zitumie kwenye kichwa cha fedha halisi, maana sauti inazaliwa pale. Mtoto ambaye mkono wake haufiki apewe kichwa kilichopinda.

Sasa acha mwili na mguu kwenye sanduku. Shika kichwa peke yake, ziba ncha iliyo wazi kwa kiganja. Ukingo wa karibu wa tundu ukae pale ngozi ya kidevu inapokutana na mdomo wa chini, na mdomo ufunike robo hadi theluthi ya tundu. Tamka "pu" bila sauti, pumzi igonge ukingo wa mbali. Ncha ikiwa imezibwa utapata noti iliyo karibu na A; ukiondoa kiganja, A ya oktavi ya juu. Ziba tena, sogeza midomo mbele kidogo na ubane uwazi wake: sauti inaruka hadi E ya juu. Ukizipata zote tatu kwa kupokezana, kila moja kwa sekunde 8, unaweza kuunganisha filimbi. Usikimbilie vidole kabla ya hapo.

Sauti yenye upepo mwingi inamaanisha uwazi wa midomo ni mpana mno. Iliyobanwa na kufifia inamaanisha umezungusha tundu ndani sana. Simama mbele ya kioo utazame ukungu wa pumzi kwenye bamba la mdomo, pale mdomo unapokaa: unatengeneza pembetatu ndogo, na ikiwa imekaa kando ya tundu, basi pumzi yako inakwenda kando. Kizunguzungu hutokana na kutoa hewa nyingi kuliko kawaida. Keti, pumua polepole, endelea baadaye.

Unapounganisha, zungusha vipande bila kushika vibonyezo wala vyuma vyake. Noti za kwanza ni B, A na G za mkono wa kushoto: gumba na shahada kwa B, ongeza cha kati kwa A, kisha cha pete kwa G. Kidole cha mwisho cha kulia kinabonyeza kibonyezo cha E♭ (E iliyoshushwa kidogo) wakati wote huo, hadi ufike D, ndipo kinainuka. Makosa mawili hujirudia kila mahali. F# (F iliyopandishwa kidogo) hupigwa kwa kidole cha pete cha kulia. Cha kati kinatoa sauti butu. Na kwenye D ya oktavi ya pili, shahada ya kushoto lazima iinuke.

Oktavi ya pili haitaki nguvu, inataka uwazi mdogo na pumzi iliyoelekezwa juu kidogo. Ukisukuma kwa nguvu, noti hupanda kupita kiasi. Ukipuliza kwa upole bila kubadili mdomo, hushuka. C# ya katikati hupenda kupanda kwenye filimbi nyingi, kwa hiyo ipime kwa tyuna (kipima noti) ya simu.

Ukimaliza, pitisha kitambaa kikavu ndani, na kikishalowa usikirudishe sandukuni pamoja na filimbi. Pedi inayonata ibonyezwe juu ya karatasi ya sigara mara kadhaa. Usiivute karatasi ikiwa imebanwa, itachana utando.

Pikolo, filimbi ndogo ya sauti ya juu, isubiri hadi oktavi tatu za filimbi zitoke bila kung'ang'ana. Ina takriban nusu ya urefu wa filimbi, inasikika oktavi moja juu ya ilivyoandikwa, na kwa kawaida haishuki chini ya D. Inakaa juu zaidi kidogo kwenye mdomo, na kosa dogo la midomo linasikika mara moja. Zile bora nyingi huchongwa kwa mpingo: ikiwa mpya, ipige dakika 10 hadi 15 tu kwa siku wiki za mwanzo, na ipashe joto mikononi kabla ya kuipuliza, kwani mti baridi ukipata pumzi ya moto ghafla hupasuka. Viungo vyake vya koki vipakwe grisi. Vaa kizibo cha sikio, hasa la kulia, maana noti za juu zinaweza kupita desibeli 100.