Namna ya Kuandika Historia ya Uchaguzi ya Eneo Bunge la Kitongoji: Mfano wa Eneo la 94 la Virginia

Anayetaka kuandika historia ya uchaguzi ya eneo bunge katika majimbo ya Marekani hukabiliwa na mtego tangu mstari wa kwanza, kwa kuwa mengi ya maeneo hayo hayana majina bali nambari, na nambari huhama. Eneo la 94 la Baraza la Wajumbe, yaani baraza la chini la bunge la jimbo la Virginia, ambalo mwaka 2017 lilishikilia hatima ya baraza zima, lilikuwa katika mji wa Newport News. Leo nambari hiyo iko Norfolk, ng'ambo ya maji. Msomaji wa Nairobi anayekumbuka Embakasi ilivyogawanywa kuwa maeneo bunge matano kabla ya uchaguzi wa 2013 ataelewa usumbufu huo, ingawa huko angalau jina lilibaki mahali pake. Kwa hiyo amua kwanza unaandika historia ya nambari au ya ardhi na watu wanaoishi juu yake. Mimi nashauri ardhi, na mwongozo huu umejengwa juu ya shauri hilo.

Anza na ramani kabla ya kugusa matokeo. Newport News ya zamani ilikuwa mji wa kiwanda cha meli katika ncha ya kusini ya rasi. Sehemu ya katikati, lilikokuwa eneo la 94, ilikuwa ya Warwick, kaunti iliyopata hadhi ya mji mwaka 1952 na kuunganishwa na Newport News mwaka 1958. Ndiyo maana tunaweza kuliita eneo hili kitongoji hata kama limo ndani ya mipaka ya mji: mitaa yake ya makazi ilikua kama viunga, na mazoea yake ya kisiasa hayakulazimika kufanana na yale ya kusini, karibu na kiwanda. Orodhesha vituo vya kupigia kura vilivyokuwa ndani ya eneo kwa kila ramani, kisha andika ramani hiyo ilitumika katika chaguzi zipi. Kwa Virginia kuwa mwangalifu hasa na mwaka 2019, kwani mahakama ya shirikisho iliona kwamba maeneo 11, likiwemo la 95 la jirani, yalichorwa kwa kigezo cha rangi ya ngozi ya wakazi kinyume cha katiba, na marekebisho yake yakagusa maeneo 25. Usilinganishe 2017 na 2019 kabla ya kuthibitisha kwamba unapima vituo vilevile.

Hatua inayofuata ni kupanga chaguzi kwa aina yake. Wajumbe 100 wa baraza hilo huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, katika miaka isiyogawanyika kwa mbili. Mwaka 2017 na 2021 gavana naye alikuwa kwenye karatasi ya kura, na watu walijitokeza kwa wingi kuliko 2015 au 2019. Asiyetenganisha makundi haya ataona chama kikipanda na kushuka, kumbe kilichobadilika ni idadi ya waliotoka nyumbani. Pale penye gavana, weka kura zake kando ya kura za mjumbe, kituo kwa kituo, uone nani aliungwa mkono na majirani zake kupita chama chake. Kumbuka pia kwamba kura za mapema na za wasiofika kituoni zilikuwa zikihesabiwa pamoja mahali pamoja, hivyo jumla ya kituo haikuwa sauti yote ya mtaa ule.

Kisha andika wagombea, na kwa kila badiliko eleza sababu yake. Glenn Oder wa Republican aliachia kiti mwaka 2011 akaenda kuongoza mamlaka inayosimamia Fort Monroe, ngome ya zamani ya kijeshi. David Yancey wa chama hicho hicho akakirithi. Mwaka 2015 Yancey alimshinda Shelly Simonds wa Democratic. Majina hayo mawili yalirudi 2017, na hapo mwandishi anapaswa kupunguza mwendo.

Matokeo ya awali yalimpa Yancey uongozi wa kura 10. Kura zilipohesabiwa upya tarehe 19 Desemba 2017, Simonds alishinda kwa kura moja, 11,608 dhidi ya 11,607. Kesho yake jopo la majaji watatu lilipokea karatasi moja iliyokuwa imekataliwa: mpiga kura alijaza duara la Simonds na duara la Yancey pia, kisha akapitisha mstari kwenye lile la Simonds. Majaji waliihesabu kuwa ya Yancey, na wote wawili wakawa na 11,608. Kama Simonds angeshinda, baraza lingekuwa 50 kwa 50. Yancey akishinda, Republican wangebaki na 51. Sheria ya Virginia inataka sare iamuliwe kwa bahati nasibu, kwa hiyo tarehe 4 Januari 2018, mjini Richmond, majina yalitiwa katika vikopo viwili vya filamu ya kamera, vikopo vikawekwa ndani ya bakuli la udongo, na James Alcorn, mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi, akatoa kimoja. Lilitoka jina la Yancey. Neno letu kura, lililotoka katika Kiarabu, asili yake ni bahati nasibu ya namna hiyo hasa, na siku ile maana mbili za neno hilo zilikutana katika bakuli moja.

Katika jedwali lako, usiandike tu kwamba Yancey alishinda. Andika tarakimu za kila hatua pamoja na tarehe, na utaje nani aliamua: wapiga kura, majaji au bakuli. Halafu endelea kutafuta hata baada ya mshindi kuapishwa. Mei 2018 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba wapiga kura 26 waliokuwa wakaazi wa eneo la 94 walipewa karatasi za eneo la 93, kwa sababu waliorodheshwa upande usio wao wa mpaka. Katika kinyang'anyiro cha sare, watu 26 ni wengi mno. Nami naamini wanastahili mstari wao katika historia hiyo, kwani bila ramani ya mtaa kwa mtaa hakuna ambaye angewaona.

Mwaka 2019 Simonds alimshinda Yancey, na 2021 akakitetea kiti kwenye mipaka ya zamani, kwa kuwa takwimu za sensa, ambazo mipaka mipya huchorwa kwazo, zilichelewa. Mwaka 2023 ramani mpya zilipoanza kutumika aligombea eneo la 70, nambari ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya Richmond. Hapo katisha jedwali la 94, chora mstari mzito, kisha uliendeleze chini ya kichwa cha 70 kwa vile vituo vya Newport News vilivyohamia huko, ukieleza katika safu ya pembeni ni vipi vimebaki na vipi vimeondoka.