Kumsoma Spinoza pamoja na Wamaksi: hatua kwa hatua

Huu ndio utaratibu ninaoufuata katika vikundi vya usomaji. Wengi huanza na vitabu vya Wamaksi, yaani wafuasi wa Karl Marx, kuhusu Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi wa karne ya 17, mwisho wakawafahamu Wamaksi tu. Tuanze na Spinoza mwenyewe.

Hatua ya 1: Soma Kiambatisho cha Sehemu ya Kwanza ya Etika (1677), kitabu kikuu cha Spinoza. Ni kurasa chache. Watu, anasema, huzaliwa hawajui sababu za mambo, ila wanajua wanachokitaka. Ndiyo maana hujiona huru na kudhani ulimwengu uliumbwa kwa faida yao. Jiwe likianguka kutoka paani likamuua mpita njia, watauliza sababu juu ya sababu mpaka wakimbilie mapenzi ya Mungu. Kabla ya kuendelea, andika kwa maneno yako: kosa hili linatoka wapi?

Hatua ya 2: Sasa mlete Louis Althusser, mwanafalsafa Mmaksi wa Ufaransa. Mwaka 1974 alieleza kwamba yeye na wenzake, waliodhaniwa kuwa wanamuundo (wanaoeleza jamii kwa miundo yake badala ya watu mmoja mmoja), walikuwa wafuasi wa Spinoza. Katika Kiambatisho hicho aliona nadharia ya kwanza ya itikadi. Hapa usiharakishe. Itikadi kwake haiishii kwenye uongo wa makuhani na wafalme. Ni namna watu wanavyoishi uhusiano wao na ulimwengu, kwa hiyo hoja nzuri peke yake haiiondoi. Linganisha na Sehemu ya Pili ya Etika, maelezo ya kauli ya 35: hata tukijua umbali halisi wa jua, bado tutaliona liko karibu. Kisha weka alama pale Althusser anapoongeza chake. Matabaka na mahusiano ya uzalishaji hayamo katika Kiambatisho.

Hatua ya 3: Plekhanov, Mmaksi wa Urusi, na mjadala wa huko kuhusu maada na fikra unaweza kuupitia kwa haraka. Kwa msomaji wa leo, siasa ina uzito zaidi.

Hatua ya 4: Msome Antonio Negri, Mmaksi wa Italia aliyeandika kitabu chake cha 1981 kuhusu Spinoza akiwa gerezani nchini humo. Anatenganisha nguvu ya kuumba iliyomo katika umma na mamlaka yanayoukalia. Msome ukiwa na Risala ya Siasa ya Spinoza mkononi, sura ya 11, ambako kifo kilimkatiza Spinoza akiwa ameanza tu kueleza demokrasia. Humo anawanyima kura wanawake na watumishi, kwa kuwa wako chini ya mamlaka ya wengine. Kwangu hiki ndicho kipimo kikubwa: Mmaksi akiusifu umma wa Spinoza, mtake aeleze mtumishi amewekwa wapi.

Hatua ya 5: Malizia na Étienne Balibar (1985), mwanafunzi wa Althusser. Anakumbusha kwamba umma huogopa, na pia huogopwa. Mwaka 1672 kundi la watu liliwaua ndugu wawili de Witt, viongozi wa siasa wa Uholanzi, mjini The Hague, mji alikoishi Spinoza. Rudia sura ya 11 ukiwa na tukio hilo akilini, halafu uandike ukurasa mmoja: nani ana hoja nzito zaidi, Negri au Balibar?