Kusuka koili ya vepu kwa mara ya kwanza: vifaa, vipimo na tahadhari

Mafundi umeme husema mota "inasukwa", na neno hilo linaifaa vizuri koili ya vepu, yaani waya uliozungushwa unaopasha moto kimiminika cha sigara ya kielektroniki hadi kiwe mvuke, kwa kuwa kazi ni ileile katika umbo dogo: kuzungusha waya kwa hesabu, mkono ukiwa umetulia, na kupima kabla ya kuwasha. Maelezo haya ni kwa mtu mzima ambaye tayari anatumia vepu na ana atomaiza (sehemu ya vepu inayobeba koili na pamba ya kufyonza kimiminika) ya kujengea mwenyewe. Asiyevuta hana sababu ya kuanza, kwani nikotini ikishamshika mtu haimwachii kirahisi. Na aliye Uganda ajue kwamba Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 imepiga marufuku kuingiza na kuuza vifaa hivi nchini humo.

Kifaa cha kununua mwanzo, kabla hata ya waya, ni kipima omu, yaani kipimaji cha ukinzani wa waya dhidi ya umeme. Vepu nyingi zenye skrini huonyesha ukinzani wa koili, lakini ni salama zaidi kuijua namba hiyo kabla koili haijakutana na betri kubwa. Kipimaji kidogo cha mezani chenye tundu la kufungia atomaiza hutumia mkondo mdogo sana, kwa hiyo hata koili ikiwa na shoti hakuna kitakachoungua. Mwenye multimita ya kawaida anaweza kuanza nayo, ila akumbuke kwamba nyaya zake za kupimia zina ukinzani wake, na huweza kufika omu 0.2 au 0.3. Agusanishe kwanza ncha mbili, asome namba, kisha aitoe namba hiyo kwenye kipimo cha koili. Kwa anayepima pasi tofauti hiyo si kitu. Kwenye koili ya omu 0.8 ni robo ya kipimo au zaidi.

Vifaa vingine ni vichache: koleo ndogo ya kukatia waya, mkasi mkali, bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu za atomaiza, kibano chenye ncha za kauri, na kitu cha kuzungushia waya chenye unene wa milimita 3. Drili biti ya milimita 3 inatosha kabisa, mradi uzungushie kwenye shina lake laini na si kwenye meno. Kibano cha kauri usikikwepe kwa kubana matumizi. Kauri haipitishi umeme, ilhali kibano cha chuma kikigusa koili inayowaka kinaweza kuleta shoti hapohapo.

Kwa waya, anza na Kanthal A1 ya geji 26, yenye unene wa takriban milimita 0.4. Kumbuka kuwa namba ya geji ikipanda waya unakuwa mwembamba. Kanthal ni mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini uliobuniwa Uswidi na Hans von Kantzow, na hadi leo hutumika katika tanuri na majiko ya umeme. Ukipata moto, alumini iliyo ndani yake hutengeneza ngozi ngumu ya oksidi juu ya waya, nayo huulinda usiliwe na joto. Nyaya za nikeli tupu na za titani ziache kwanza: zinahitaji kifaa kinachodhibiti joto, na hazifai kabisa kuwashwa hadi ziwe nyekundu. Nakusihi pia usichukue waya wa jiko bovu usioujua asili yake, wala waya wa kufungia uliopakwa zinki, maana mvuke wa zinki iliyoungua huleta homa na maumivu ya kifua.

Sasa kusuka kwenyewe. Kata waya sentimita 15, ubane ncha moja kwa dole gumba juu ya shina la drili biti, na uzungushe mara 6 huku ukiuvuta waya kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila kupandana. Ukiachia, waya utalegea kidogo, ni kawaida. Miguu miwili itazame upande mmoja. Kabla ya kufunga, fanya hesabu: kila mzunguko hula karibu milimita 10.7, mizunguko 6 ni milimita 64, na ukiongeza milimita 10 za miguu unapata waya wa milimita 74 hivi. Kanthal A1 ya geji 26 ina takriban omu 11 kwa kila mita, kwa hiyo tarajia omu 0.8. Namba ikija mbali na hapo, usiwashe, tafuta kosa.

Fungia miguu kwenye nguzo za atomaiza koili ikiwa bado kwenye drili biti, ili isipinde. Kaza skrubu hadi waya usichezecheze, lakini usiukaze kiasi cha kuukata. Kisha kata mabaki ya miguu karibu kabisa na skrubu. Hapa ndipo nilipoteleza kwenye koili yangu ya kwanza: niliacha kipande kisichozidi milimita 2, nikafunga kifuniko, na kikagusa ukuta wa chuma. Kifaa kilikuwa na ulinzi, kikakataa kuwaka. Kingekuwa cha aina isiyo na kinga, betri ingemwaga mkondo wake wote palepale. Tangu hapo hupima mara mbili, kifuniko kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, na namba mbili hizo lazima zifanane.

Bila pamba, washa kwa wati 10 hadi 15, ukibonyeza sekunde moja na kuachia, huku macho yako yakiwa kwenye rangi. Koili nzuri huanza kuwa nyekundu katikati, kisha wekundu husambaa taratibu kwenda pande zote mbili. Mzunguko mmoja ukiwaka peke yake, achia kitufe, ubane mizunguko pamoja kwa kibano cha kauri, uipapase kidogo, na urudie. Mguu ukiwaka kabla ya katikati, skrubu yake haijakaza.

Acha ipoe kabisa ndipo uingize utambi. Tumia pamba safi isiyo na manukato. Utambi upite ndani ya koili ukibana kidogo tu, koili isisogee nao. Ukibana sana kimiminika hakipandi na pamba inaungua. Ukilegea, kinavuja na kuruka mdomoni. Kata ncha, zichambue ziwe laini, ziweke kwenye njia za kimiminika bila kuzisokomeza, lowesha vizuri, na usubiri dakika 5. Ukionja ladha ya kuungua, acha papo hapo: glisirini iliyopita joto lake hutoa akrolini na formaldehidi, na hivyo si vitu vya kuvumilia.

Kuhusu betri sina utani. Betri ya 18650, ile ya lithiamu yenye umbo la mche duara inayotumika kwenye vepu nyingi, ikijaa ina volti 4.2. Gawanya volti kwa omu upate ampia: kwa omu 0.8 ni ampia 5.25, mzigo mwepesi. Kwa omu 0.2 ni ampia 21, na betri nyingi haziruhusiwi kubeba kiasi hicho mfululizo. Kwa hiyo anayeanza abaki juu ya omu 0.5, kwenye kifaa chenye ulinzi. Betri iliyochanika ngozi ya plastiki isitumike, na isitembezwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu.

Pamba ibadilishwe kila baada ya siku chache, mapema zaidi ikiwa kimiminika ni kitamu sana, kwani sukari na vitiwa-utamu huacha masizi meusi. Ukitoa pamba, choma koili kwa kubonyeza kidogokidogo, iache ipoe, isuuze kwa maji, ikauke, kisha pima tena. Omu zikibaki zilezile, weka utambi mpya. Zikipanda au kuchezacheza hata baada ya kukaza skrubu, suka nyingine.