Ocellaris au percula? Anza na jicho
Kwa ndugu zangu wa Tanga mnaofuga samaki wa maji chumvi nyumbani: ocellaris na percula ni aina mbili za clownfish (samaki wadogo wanaoishi kwenye anemoni); wote ni wa rangi ya chungwa, wote wana mikanda mitatu myeupe, na muuzaji akikuambia "ni walewale tu" usikubali haraka. Tazama jicho. La ocellaris, mboni imezungukwa na kijivu, kwa hiyo jicho linaonekana kubwa; la percula limezungukwa na chungwa kali, linaonekana dogo. Bado una shaka? Msubiri asimamishe pezi la mgongoni, mpige picha ya karibu, kisha hesabu miiba ya mbele: ocellaris kwa kawaida ana 11, percula 10. Pindo jeusi la mikanda usilitegemee sana, hasa kwa wachanga.

Hao wawili kwetu hawapo kiasili, asili yao ni mashariki zaidi. Kwenye matumbawe yetu wapo clownfish wengine: akallopisos, mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni, na allardi, mwenye mikanda miwili na mkia mweupe. Akallopisos huchanganywa na sandaracinos wa ng'ambo. Mstari wa sandaracinos hushuka mpaka mdomo wa juu, wa akallopisos haufiki hapo.